Waipa Zimegoma: Kuufuata Umeme Kutoka Betri Hadi Mota

Waipa za kioo cha mbele husahauliwa kwa miezi, kisha huhitajika ghafla. Katika miji ya pwani gari linaweza kumaliza kiangazi chote bila dereva kugusa swichi yake, na mvua za masika zinapoanza mwezi Machi ndipo inapoonekana kwamba chumvi iliyomo katika upepo wa bahari imekwisha kula viungo vya waya na kwamba grisi ya ndani ya mota imekauka. Karakana hupokea magari mengi ya namna hii katika wiki moja, kila mwenye gari ana haraka, na kwa sababu ya haraka hiyo mota huhukumiwa kabla ya kupimwa. Nimefanya kazi ya umeme wa magari muda wa kutosha kuona mota nzima nyingi zikitupwa, na ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: mota isibadilishwe mpaka volteji ipimwe kwenye soketi yake, ikiwa imeunganishwa na inadai mkondo, upande wa moto (chanya) na upande wa hasi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Mita ya umeme ya kawaida, taa ya kupimia yenye balbu, vipande viwili vya waya mnene, msasa laini na fyuzi za akiba zinatosha kwa karibu kila kosa linaloelezwa hapa. Ikumbukwe pia kwamba linki za waipa, yaani fito zinazounganisha mota na mikono ya waipa, hukata vidole: mota ina nguvu kubwa baada ya gia, nayo inaweza kuanza bila taarifa pale unapogusa soketi iliyokuwa imelegea. Fyuzi ya waipa itolewe kila mara mikono inapoingia chini ya kioo.

Njia ambayo umeme unapita

Nitatumia mfano wa Toyota za mitumba kutoka Japani, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabara za Tanzania na Kenya. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi kuu na swichi ya ufunguo, hufika kwenye fyuzi ya waipa, kisha hugawanyika mara mbili. Tawi la kwanza huingia kwenye swichi ya waipa iliyo kandokando ya usukani, na tawi la pili huenda moja kwa moja hadi kwenye mota bila kupita kwenye swichi. Tawi hili la pili ndilo linaloziwezesha waipa kurudi mahali pake pa kulala hata baada ya dereva kuzima, na fundi asiyelijua atahangaika bure na nusu ya matatizo ya waipa.

Kwenye michoro ya Toyota nyaya za mota huandikwa +1 kwa mwendo wa polepole, +2 kwa mwendo wa kasi, B kwa moto wa kudumu ufunguo unapokuwa umewashwa, S kwa waya unaorudi kwenye swichi kutoka kwenye kituo cha kulalia, na E kwa hasi, ambayo mafundi wengi huiita ethi. Magari ya Kijerumani kama Volkswagen hutumia namba: 53 ni mwendo wa polepole, 53b ni wa kasi, 53a ni moto wa kudumu, 53e ni waya wa kurudia kulala, na 31 ni hasi. Majina yanatofautiana, lakini kazi ni ileile. Kuna pia magari ambayo swichi yake hukata upande wa hasi badala ya upande wa moto, kwa hiyo mchoro wa gari husika uangaliwe kabla ya kuamini kipimo chochote.

Ndani ya mota ya kawaida ya sumaku mna kaboni tatu, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye koili inayozunguka. Moja ni ya pamoja, ya pili inakabiliana nayo kwa upande wa pili na ndiyo ya mwendo wa polepole, na ya tatu imewekwa pembeni kidogo. Umeme ukiingia kwa kaboni hii ya tatu hupita kwenye sehemu ndogo zaidi ya koili, na mota huzunguka kwa kasi zaidi huku ikila mkondo mkubwa zaidi. Juu ya gia mna kisahani cha shaba kinachozunguka pamoja nayo na kuguswa na vidole vya chuma, nacho ndicho kinachoijulisha saketi kama waipa zimelala au ziko katikati ya kioo. Mengi ya yanayofuata ni matokeo ya mpangilio huo.

Waipa hazitembei kabisa

Washa ufunguo, sogeza swichi kwenye mwendo wa polepole, kisha sikiliza. Ikiwa mota inasikika ikizunguka lakini mikono haisogei, tatizo si la umeme: nati iliyo kwenye shina la mkono imelegea, meno yake yamelika, au linki imechomoka kwenye bushi yake ya plastiki. Hilo hushughulikiwa kwa spana.

Ikiwa hakuna sauti yoyote, anza na fyuzi iliyoandikwa WIPER au WIP kwenye kifuniko cha kisanduku. Fyuzi isihukumiwe kwa macho peke yake, kwa kuwa waya wake unaweza kukatika chini ya plastiki mahali pasipoonekana. Weka ncha ya taa ya kupimia juu ya vitundu viwili vilivyo mgongoni mwa fyuzi, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja, imekatika. Isipowaka popote, moto haufiki kwenye fyuzi, na kosa liko nyuma yake, katika swichi ya ufunguo, katika rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikiwa ipo, au katika fyuzi kuu.

Fyuzi ikiwa nzima, nenda moja kwa moja kwenye soketi ya mota chini ya kioo. Usianze kufungua kava ya usukani, kwa sababu kipimo kimoja kwenye soketi kitakuambia kama kuna haja hiyo. Soketi ikiwa imechomekwa, ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya waya wa +1 na ncha nyingine kwenye hasi ya betri yenyewe. Ukipata volti 12 au zaidi huku mota imekaa kimya, umeme umefika na swichi haina lawama. Hamisha sasa ncha ya moto kwenye kiwiliwili cha mota, au kwenye waya wa E, bila kuiondoa ile nyingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma volti nyingi hapo, hasi imekatika: mota imejaa umeme usio na mahali pa kutokea. Ukisoma sifuri, jihadhari kidogo kabla ya kuilaumu mota, kwa sababu sifuri inaweza kumaanisha kwamba hasi ni nzima na mota imekufa, au kwamba koili imekatika na hakuna mkondo wowote unaoweza kuijaribu hasi hiyo. Chukua waya mnene, uunganishe kutoka hasi ya betri hadi kwenye kiwiliwili cha mota au waya wa E, na ujaribu tena. Mota ikizunguka, tatizo ni hasi. Isipozunguka, sasa unaweza kusema kwamba mota imekufa, na kwa kawaida ni kaboni zilizokwisha au zilizokwama kwenye nyumba zake.

Ukikosa moto kwenye +1, rudi nyuma hatua moja hadi kwenye soketi ya swichi ya usukani. Moto ukiingia lakini hautoki, swichi imechakaa. Moto ukitoka lakini haufiki kwenye mota, waya umekatika njiani, mara nyingi pale unapopenya ukuta unaotenganisha injini na kabati ya abiria. Magari mengi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, na soketi zake kwenye Toyota ni za rangi ya njano: soketi hizo zisiguswe kwa taa ya kupimia wala kwa mita. Kabla ya kufungua chochote karibu nazo, ondoa waya wa hasi kwenye betri na usubiri angalau sekunde 90.

Zinatembea kwa unyonge

Dalili hii ndiyo inayosababisha mota nyingi kubadilishwa bila sababu, na nitakaa hapa kidogo.

Waipa zinatembea, lakini kama mtu aliyechoka, na zinachoka zaidi taa kubwa zinapowashwa au feni ya ndani inapoongezwa. Fundi anapima volteji kwenye soketi iliyochomolewa, anaona 12.4, na anatamka kwamba umeme ni mzuri na mota ndiyo mbovu. Kipimo hicho kinadanganya. Mita ya kidijiti ina ukinzani wa ndani wa takribani megaomu 10, kwa hiyo inavuta mkondo mdogo mno. Waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba utaonyesha volteji kamili mbele ya mita hiyo, kama ambavyo bomba lililojaa kutu huonyesha presha kamili mradi bilula imefungwa. Umeme hupimwa wakati unafanya kazi.

Chukulia kwamba bolti ya hasi imepata kutu na ina ukinzani wa nusu omu, kiasi ambacho mita nyingi haziwezi kukipima kwa uhakika. Mota ikivuta ampea 5, nusu omu hiyo inakula volti 2.5. Kwenye betri yenye volti 12.4, mota inabakiwa na volti 9.9, na wati 12.5 zinageuka kuwa joto kwenye bolti ile. Ndiyo sababu ya plastiki iliyoyeyuka na harufu ya kuungua inayokutwa karibu na viungo vibovu.

Kipimo sahihi kina sehemu mbili, na zote hufanyika waipa zikiwa zinatembea juu ya kioo kilichomwagiwa maji. Kwanza, weka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na ncha nyeusi kwa nyuma ya waya wa +1 kwenye soketi ya mota. Namba inayosomeka ni volteji inayopotea upande wa moto. Kwa kuwa umeme huu unapita kwenye fyuzi mbili, swichi mbili na soketi kadhaa, upotevu wa hadi takribani volti 0.5 unavumilika. Pili, weka ncha nyekundu kwenye waya wa E au kiwiliwili cha mota, na nyeusi kwenye hasi ya betri. Hapa pasizidi volti 0.2. Kikizidi, fuata njia ya hasi hatua kwa hatua, kutoka mota hadi bolti, bolti hadi bodi, bodi hadi betri, na mahali namba inaporuka ndipo kosa lilipo.

Kuna gari dogo la mizigo lililoletwa kwangu likiwa limekwisha kufungwa mota mbili za mtumba, na mwenye gari alikuwa tayari kununua ya tatu. Upande wa moto ulipoteza volti 0.3. Upande wa hasi ulipoteza volti 3.1. Gari lilikuwa limenyooshwa bodi mwaka uliotangulia, na bolti ya hasi ilikuwa imefungwa juu ya rangi mpya, kwa hiyo mkondo wote ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu. Msasa, wosha mpya ya bolti na grisi kidogo vilimaliza kazi. Tangu siku ile, gari lenye waipa dhaifu linapoingia, swali langu la kwanza huwa kama limewahi kunyooshwa au kupigwa rangi.

Mota nyingi hukalia mipira ili zisitikise bodi, na mpira haupitishi umeme. Hasi yake hutegemea waya mwembamba au kipande cha bati chini ya bolti moja, na fundi aliyewahi kufungua mota anaweza kuwa alikisahau kipande hicho.

Vipimo vyote viwili vikiwa vizuri na waipa bado ni nzito, ng'oa linki kwenye mota na uzungushe mashina ya mikono kwa mkono. Yanapaswa kuzunguka kwa ulaini. Shina la chuma ndani ya nyumba ya aluminiamu hushikwa na kutu nyeupe ambayo hufunga kama gundi, na hakuna mota itakayodumu ikilazimishwa kuisukuma.

Fyuzi inaungua

Fyuzi ya waipa kwa kawaida ni ya ampea 20 hadi 30: ya 20 ni ya njano, ya 25 haina rangi, ya 30 ni ya kijani. Kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko ni kuamua kwamba waya uungue badala ya fyuzi, na waya huo hupita nyuma ya dashibodi pamoja na nyingine nyingi. Sitalitaja jambo hili mara ya pili, lakini naomba lishikwe.

Swali la kwanza ni lini inaungua. Ikiungua papo hapo ufunguo unapowashwa, tafuta shoti kwenye tawi la B, ambalo haliingojei swichi. Ikiungua swichi inaposogezwa, shoti iko baada ya swichi au ndani ya mota. Ikiungua baada ya dakika chache za kazi, mota inavuta mkondo mkubwa mno kwa sababu linki ni nzito au koili imeanza kuungua ndani.

Badala ya kumaliza pakiti ya fyuzi, chukua balbu ya taa kubwa ya wati 55 na uunganishe nyaya zake mbili mahali fyuzi inapokaa. Balbu hiyo haipitishi zaidi ya takribani ampea 5, kwa hiyo waya hauwezi kuungua hata shoti iwe kali namna gani. Chomoa soketi ya mota, washa ufunguo na swichi ya waipa, kisha itazame balbu. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti iko kwenye nyaya. Acha iwake, na utembee ukizitikisa nyaya kipande kwa kipande: pale itakapofifia au kuzima, umeushika waya uliokwaruzwa. Ikiwa imezima mota ikiwa imechomolewa na ikang'aa kikamilifu mota inaporudishwa, mota ina shoti au imekwama. Balbu ya nusu mwanga na mota inayojikokota ni hali ya kawaida, kwa kuwa balbu na mota vinagawana volteji.

Mwendo mmoja umepotea

Waipa zinapofanya kazi kwa kasi tu, na mwendo wa polepole, mwendo wa vipindi (waipa hupiga mara moja, hupumzika, kisha hupiga tena) pamoja na kurudi kulala vyote vimekufa, usitafute makosa matatu. Yote matatu hupita kwenye +1 na kaboni ya mwendo wa polepole, na kaboni hiyo ndiyo inayofanya kazi saa nyingi zaidi. Pima +1 swichi ikiwa kwenye mwendo wa polepole: moto ukiwapo, kaboni imekwisha, moto usipokuwapo, ni swichi au waya.

Ikiwa ni mwendo wa kasi peke yake uliopotea, pima +2 kwa njia hiyohiyo. Kaboni zinaweza kubadilishwa kwa solda pale zinapopatikana za kipimo kinachofanana, na fundi mwenye subira huokoa mota nyingi kwa njia hiyo.

Hazirudi kulala, au hazikomi

Kwanza dalili isiyo kosa: dereva akizima ufunguo waipa zikiwa katikati ya kioo, katika magari mengi zitasimama hapohapo, kwa sababu moto wa B umekatwa. Hakuna cha kutengeneza.

Kosa halisi ni pale ufunguo ukiwa umewashwa, swichi inarudishwa OFF, na waipa zinaganda mahali zilipo. Katika hali ya OFF swichi huunganisha S na +1. Waipa zikiwa katikati ya kioo, kisahani ndani ya mota huunganisha B na S, umeme huzunguka kupitia swichi hadi +1, na mota huendelea hadi kituo cha kulalia. Hapo kisahani huitoa S kwenye B na kuipeleka kwenye E. Wakati huohuo mota, ambayo bado inazunguka kwa msukumo wake na kuzalisha umeme, hupigwa shoti kupitia swichi na kusimama ghafla kama iliyofungwa breki. Ni mpango mzuri sana, na ukiuelewa vipimo vinajipanga vyenyewe.

Zisimamishe waipa katikati ya kioo, swichi ikiwa OFF na ufunguo umewashwa. Pima B: ikiwa haina moto, waya huo umekatika. B ikiwa na moto na S haina, kisahani au vidole vyake vimechakaa, au vimefunikwa na grisi iliyoganda. S ikiwa na moto na +1 haina, swichi ya usukani haiunganishi. Vipimo vitatu, majibu matatu.

Dalili inayopotosha wengi inatoka hapa. Dereva anaeleza kwamba mwendo wa vipindi umeharibika, kwamba waipa zinaruka sentimita chache na kusimama, kisha zinaruka tena. Mtu hukimbilia kununua rilei ya vipindi. Lakini rilei hiyo hutoa msukumo mfupi tu wa kuzitoa waipa mahali zilipolala, na safari iliyobaki huendeshwa na njia ya B na S. Mruko mfupi ni ushahidi kwamba rilei inafanya kazi na kwamba njia ya kulalia ndiyo iliyokufa.

Waipa zisizokoma hata zikizimwa huhitaji kipimo kimoja cha kuvutia. Weka mita kwenye S zikiwa zinatembea na swichi iko OFF. Volteji inapaswa kushuka hadi sifuri mara moja katika kila mzunguko. Isiposhuka kamwe, kisahani ndani ya mota hakifiki kwenye hasi, mota hukosa breki, hupita kituo chake na kuingia tena kwenye moto. Ikishuka lakini waipa zinaendelea, moto unaifikia +1 kutoka mahali pengine: swichi iliyokwama au rilei iliyojichomelea ndani. Chomoa soketi ya swichi. Zikisimama, umepata jibu, na zikiendelea, nyaya zimegusana njiani.

Mwendo wa vipindi

Mhandisi wa Marekani Robert Kearns, aliyewasilisha ombi la hataza la waipa za vipindi mwaka 1964, alitumia kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, inayojaa polepole kupitia ukinzani unaorekebishwa. Ikijaa, hufungua transista, ambayo ni swichi ndogo ya kielektroniki, na waipa hupiga mara moja. Wazo hilo linaeleza makosa yake. Kapasita ikizeeka, vipindi hubadilika au hupotea. Kirekebishio kwenye kishikio cha swichi kikichakaa, vipindi hurukaruka bila mpango. Katika Toyota nyingi saketi hii imo ndani ya swichi yenyewe, kwa hiyo kutafuta rilei kwenye kisanduku ni kupoteza muda. Kipimo: mwendo wa polepole na kurudi kulala vikiwa vizima, na nafasi ya INT (ya vipindi) kwenye swichi haitoi hata mruko mmoja, lawama ni ya saketi hiyo.

Zinakufa njiani na kufufuka

Mota nyingi zina kikatio cha joto ndani. Waipa zikifanya kazi kwa dakika kadhaa, zikanyamaza, kisha zikarudi baada ya mota kupoa, kikatio kimefanya kazi yake na swali ni kwa nini mota ilipata joto: linki nzito, kioo kikavu, raba iliyoshikana na kioo, au mota iliyozama kwenye maji kwa sababu majani yameziba mitaro iliyo chini ya kioo. Miti ya mikwaju na miarobaini inayoangusha majani madogo juu ya magari yaliyoegeshwa ina mchango mkubwa katika hili. Zikinyamaza gari linaporuka shimo na kurudi likiruka jingine, ni soketi iliyolegea, na mkono unaozitikisa nyaya utalipata kosa haraka kuliko mita.

Waipa ya nyuma

Katika magari yenye mlango wa nyuma unaopanda juu, kama Toyota Noah au Vitz, fungua kwanza mpira unaopitisha nyaya kati ya bodi na mlango. Nyaya hujikunja hapo kila mlango unapofunguliwa, na shaba hukatika ndani ya ganda lisilo na jeraha. Vuta kila waya taratibu: ule unaonyumbuka kama mpira umekwisha kukatika. Ikiwa taa ya namba au kufuli ya mlango huo nayo ina matatizo, uhakika ni mkubwa zaidi.

Magari yenye kompyuta

Katika magari mapya zaidi swichi haibebi tena mkondo wa mota. Hutuma taarifa kwa kompyuta ya bodi, nayo huiamuru mota kwa waya mwembamba wa mawasiliano. Taa ya kupimia yenye balbu isiguswe kwenye waya huo, kwa kuwa inaweza kuharibu saketi ya ndani. Mashine ya kusomea makosa inahitajika, lakini isomwe kwa akili: kosa linalosema mota haijibu linaweza kuwa hasi iliyooza, kwa hiyo moto mkuu na hasi ya mota vipimwe kwa mita kabla ya kuagiza kifaa ghali. Malori na mabasi yenye mfumo wa volti 24 hupimwa kwa mantiki ileile, namba za volteji ya chanzo zikizidishwa mara mbili.

Mota inapofungwa

Ikiwa vipimo vimeihukumu mota kweli, mpya isifungwe mkono wake wa kuzungushia kabla ya kulazwa. Ichomeke kwenye soketi, iunganishe hasi, iwashe, kisha rudisha swichi OFF na uiache isimame yenyewe. Hapo ndipo mkono hufungwa ukiwa umeelekea upande uleule uliokuwa nao ule wa zamani. Ukifungwa ovyo, waipa zitalala katikati ya kioo au kupiga nguzo ya kioo na kukunja linki.

Mwagia kioo maji na uhesabu kwa saa. Kanuni ya usalama ya Marekani, FMVSS namba 104, inadai waipa ziwe na miendo isiyopungua miwili, wa kasi usiopungua mizunguko 45 kwa dakika, wa polepole usiopungua 20, na tofauti isiyopungua 15 kati yake. Ni kipimo kinachofaa kwa karakana yoyote. Rudia kupima volteji inayopotea upande wa hasi, washa taa kubwa na feni zikiwa kwenye nguvu yake yote, na uhesabu tena. Mizunguko ikipungua waziwazi vifaa hivyo vinapowashwa, bado kuna bolti ambayo haijafunguliwa.